Sauti ya Mbwa wa Mama

Sauti ya mbwa wetu ilikwaruza kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, tulipokuwa tumetoka kanisani, na sote tukacheka. Alibweka kumpokea mama getini, lakini kilichotoka kilikuwa kama mlango wa bati unaoburuzwa kwenye saruji. Mama akajishika kiuno, akasema, "Mura amepata mafua ya mjini." Nilitoa simu nikamrekodi. Nilimchokoza abweke tena, akabweka tena, na mate yakamtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Yale mate niliyaona. Nilidhani ni njaa.

Sikuwa mtu wa kurekodi mbwa. Jambo hilo lilianza kwa sababu ya mama.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake Gorong'a, kwenye boma ambalo zizi lake lilikuwa linapungua kila msimu. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliye hai. Nimeolewa Turwa, hapa Tarime mjini. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, nami nashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Tulikwenda kumchukua kwa pikapu ya kukodi, akakubali kwa sharti moja, kwamba mbwa wake naye apande. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, miguu mirefu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja mtu anapoongea. Jina hakuwa nalo. Mama alimwita mura, yaani kijana, kama anavyowaita wanaume wote waliozaliwa baada yake.

Kwa Wakurya, mama mkwe kuishi nyumba moja na mkwe wake wa kiume si jambo jepesi. Hawapeani mikono. Hawakai benchi moja. Mkwe akiingia sebuleni, mama anatoka kupitia mlango wa jikoni, na mkwe naye akimwona mama uani anageuka kama aliyesahau kitu barabarani. Mume wangu alimheshimu mama sana, na heshima yenyewe ilikuwa inawamaliza wote wawili. Basi mama akapata njia. Alianza kuongea na mbwa.

"Mura," angesema kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni, "mwambie mwenye nyumba chakula kimeiva."

Na mume wangu, bila kugeuza kichwa, angejibu, "Mura, mwambie bibi asante, nakuja."

Mbwa alikaa katikati yao akigeuza shingo huku na huku. Siku moja nilicheka mpaka nikajichoma sindano kidoleni. Nilikuwa nimejiunga na kundi moja mtandaoni la watu wanaofuga mbwa, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, nikitafuta dawa ya viroboto. Nikamwambia mama, "Humu watu wanatambulisha mbwa wao. Wa kwako aseme nini?" Mama hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi dukani tu. Akafikiri, kisha akaanza kusema kwa Kikurya kama vile mbwa ndiye anayesema, na mimi nikawa nageuza kwa Kiswahili na kuandika.

Niliandika hivi:

"Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mbwa wa Gorong'a. Umri wangu haujulikani, kwa sababu siku niliyozaliwa watu wote walikuwa shambani. Kazi yangu ya zamani ilikuwa ng'ombe. Kazi yangu ya sasa ni kulinda cherehani, ambayo mpaka leo haijajaribu kutoroka. Nililetwa mjini bila kuulizwa. Nimekuta mbwa wa jirani anaogeshwa kwa sabuni, naomba kuuliza amekosa nini. Naishi na bibi mmoja, binti yake, na mwanaume mrefu ambaye bibi anamheshimu kiasi kwamba mimi ndiye ninayebeba salamu. Sijaoa. Mahari sina, ng'ombe wote wamebaki nyumbani."

Nikaweka na picha yake akiwa amelala chini ya cherehani, ulimi nje.

Kufika mchana simu ilikuwa inalia mfululizo. "Karibu mzee wa Gorong'a!" "Mahari tutakuchangia." "Mwambie bibi akupe likizo uje Mwanza." Nilimsomea mama moja baada ya nyingine. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akicheka. Siku ile alicheka akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Waambie hata mimi sikuulizwa." Nikaelewa ni nani aliyekuwa anajitambulisha.

Ikawa ndiyo burudani yetu. Kila baada ya siku chache mbwa alikuwa na la kusema. Alilalamikia fataki za harusi. Alimsema jogoo wa jirani. Watu nisiowajua walimuulizia akikaa kimya.

Kisha tukaenda Gorong'a kuondoa matanga ya baba. Mvua zilikuwa zimekatika, majani yamesimama marefu kila upande. Mbwa tulimpeleka, kwa sababu mama alikataa kumwacha, na nadhani hata yeye mbwa alijua tunakokwenda, maana tulipopita kona ya mwisho alisimama kwenye pikapu akaanza kulia kwa furaha.

Mchana ule watu walikuwa wamekaa chini ya turubai wakila. Mimi nilikuwa nagawa ugali upande wa wanawake, na kutoka pale nilimwona mbwa mgeni akija kutoka porini. Alikuwa mweusi, amekonda, kichwa amekiinamisha, anatembea mstari mmoja kama mtu aliyetumwa. Alipita kati ya watu. Alipita kwenye sufuria za nyama, nyama inatoa mvuke, na hakugeuza hata pua. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alisema, "Huyo mbwa ameshiba nini?" 

Mbwa wetu alimwona anaingia kwenye boma lake la zamani, akamrukia. Walishikana katikati ya watu, viti vikaanguka, watoto wakapanda kwenye mikokoteni. Aliyewaamua ni jirani yetu mmoja, fundi wa kujenga nyumba, kijana mwenye watoto wadogo, anayejulikana kijiji kizima kwa utani wake. Alipiga kwa fimbo, fimbo ikavunjika, akaingiza mikono. Mbwa mweusi alimng'ata kwenye kiganja akamng'ang'ania, na alipoachia, aliondoka kwa mwendo uleule aliokuja nao, akavuka barabara, akapotelea kwenye mahindi. Hakuna aliyemfuata.

Fundi aliinua mkono wake unaovuja damu akapaza sauti, "Jamani, andikeni kwamba nimekufa nikitetea nyama!" Watu walicheka sana. Mtu mmoja akammwagia gongo kwenye kidonda, akafunga kitambaa, naye fundi akaendelea kula kwa mkono wa kushoto. Mama akamshukuru. Mbwa wetu alikuwa na jeraha dogo tu kwenye mdomo wa juu, mama akalisafisha kwa maji ya chumvi.

Tuliporudi Turwa, mbwa aliwatangazia wenzake mtandaoni kwamba ametoka vitani na ameshinda. Nikaweka picha ya jeraha. Wakampa cheo cha jenerali.

Jeraha lilipona. Wiki zikapita, tukalisahau.

Baada ya ile Jumapili ya sauti kukwaruza, mbwa hakula. Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya bakuli la maji, anatumbukiza mdomo, lakini maji hayapungui. Taya lake la chini lilikuwa limelegea kama la mzee aliyesinzia. Mama akamtazama, akasema, "Mfupa. Amekwamwa na mfupa kooni."

Alimvuta akambana katikati ya magoti. Mimi nilimmulikia kwa tochi ya simu. Mama akaingiza mkono mdomoni mwa mbwa, vidole vyote, mpaka kwenye koo, akapapasa huku na huku, akisema naye kwa Kikurya kwa sauti ya chini. Mbwa hakukataa. Alikuwa anamwangalia mama kwa macho ambayo sikuyazoea, makavu, yaliyotulia mno. Mama alitoa mkono umelowa mate mpaka kwenye kiwiko. Mfupa haukuwepo. Kwenye kidole chake kulikuwa na mkwaruzo wa jino, mdogo, kama wa mwiba wa waridi. Alijifuta kwa kanga, akaenda kuchambua mchicha.

Mimi nilikaa kwenye cherehani, na kwa kuwa watu walikuwa wanamuulizia, nikaiweka ile video ya Jumapili. Nikaandika, "Wapendwa, jenerali ana mafua. Sauti imepotea. Natafuta mtu wa kunichemshia tangawizi."

Wakacheka. Wengine walisema anaimba kama shemeji zao wakilewa. Nilikuwa nacheka nao nilipoona maneno ya mwanamke mmoja ambaye hakuwa amewahi kuandika kitu.

"Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Serengeti. Huyo mbwa aling'atwa na mbwa mwingine miezi hii?"

Nikamjibu kwa sauti ya mbwa, kama nilivyozoea. "Niling'atwa vitani, mama, lakini nilishinda."

Akaandika papo hapo: "Dada, acha kuandika kama mbwa. Nijibu wewe."

Nikaangalia uani. Mbwa alikuwa amesimama akiutazama ukuta, pua yake karibu kugusa matofali.

Akaniandikia pembeni akaomba namba, na simu ikaita kabla sijaiweka chini. Hakunisalimia. "Kuna mtu ameingiza mkono mdomoni mwake?" aliuliza.

"Mama yangu," nikasema. "Leo asubuhi. Tulidhani ni mfupa."

Nilisikia kuku wa kwake wanalia huko aliko. Kisha akasema, "Sauti hiyo niliisikia nyumbani kwetu. Mbwa alibweka hivyohivyo, tukacheka hivyohivyo, na mdogo wangu wa kiume akaingiza mkono kutafuta mfupa. Tulimzika, dada. Hicho ni kichaa cha mbwa. Usisubiri kesho. Mama anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, anawe sana, halafu mwende hospitali sasa hivi."

Nilikwenda kwa mama na simu imefunguliwa sauti. Mama akasikiliza, nikamgeuzia kwa Kikurya, akatikisa kichwa, akaendelea na mchicha.

"Mbwa mwenye kichaa anakimbia anang'ata watu," akasema. "Huyu wangu amelegea tu. Hajamkosea mtu. Hawezi kunidhuru."

Yule mwanamke alimsikia, na hapo akabadilisha lugha. Alikuwa Mngoreme, na Kingoreme na Kikurya vinasikilizana. Sauti yake ikawa ya mtoto anayeongea na mzazi. "Mama, shikamoo. Sisemi mbwa wako ni mbaya. Nasema anaumwa, na ugonjwa wake uko kwenye mate. Hata wetu alilegea. Alikufa amelala miguuni pa mdogo wangu. Hakumng'ata hata siku moja."

Mama aliacha mchicha. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

Mume wangu alikuwa ameingia getini kuchukua spana, akasimama akasikia yote. Sijawahi kumwona akitembea namna ile. Alichukua mlango mbovu wa mbao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akausukuma mbele yake kama ngao, akamrudisha mbwa kinyumenyume mpaka kwenye bafu la nje, akafunga na kuegemeza tofali. Mbwa aling'ata ukingo wa ule mlango mara moja, bila kelele, taya likateleza. Ndipo tukajua kwamba hata huyu aliyelegea alikuwa anaweza.

Kisha mume wangu akaja kwa mama. Mama, kwa mazoea, akainuka aondoke. Akamzuia.

"Mama, nisamehe," akamwambia moja kwa moja, usoni. Akamshika mikono yote miwili. Alimpeleka kwenye bomba, akafungua maji, akamsugua kwa sabuni ya kufulia, vidole, kiganja, kiwiko, akarudia tena na tena. Mama alikuwa anatazama pembeni, machozi yanamtoka, na sijui kama ni kwa hofu au kwa ile aibu ya kushikwa na mkwe. Maji yalitiririka mpaka barazani. Mimi nami nikanawa, maana mate yalikuwa yamenirukia kwenye mikono iliyojaa michubuko ya sindano.

Hospitalini muuguzi alitusikiliza, akauliza maswali machache, akaondoka haraka kuliko nilivyotaka aondoke. Alirudi na dawa. Mama akachomwa, mimi nikachomwa, tukaambiwa tarehe za kurudi na kwamba tusikose hata moja. "Mmewahi," akasema. Kisha akauliza, "Kuna mwingine aliyeguswa na huyo mbwa?"

"Hakuna," nikasema.

Tulikuwa tumeshafika kwenye benchi la nje, tunamsubiri mume wangu alete bajaji, mama aliponishika goti.

"Na yule mura aliyewaamua?"

Kwa kweli sikumwelewa. Nikadhani anaongea juu ya mbwa. Akarudia, "Yule fundi. Kwenye matanga ya baba yako. Yeye aling'atwa na yule mweusi mwenyewe."

Nilimpigia baba mdogo Gorong'a. Alishangaa kwa nini napiga kelele. Yule mweusi, alisema, hawakumwona tena, ila walisikia mbuzi wawili wa upande wa pili wa barabara walikufa wakilia ovyo, watu wakasema wamerogwa. Na fundi? Fundi mzima kabisa, kidonda kilipona zamani. Hayupo kijijini, amepata kazi ya nyumba Nyarero. Simu yake haipatikani, lakini huwa anaizima akiwa juu ya paa.

"Mtafute, baba mdogo. Mwambie aende hospitali leo."

"Nitamwambia akirudi Jumamosi."

"Leo!" nikasema. Akaniuliza kama mama yangu anajua kwamba naongea na wakubwa hivyo.

Mume wangu aliondoka kesho yake asubuhi kwa pikipiki. Yaliyotokea Nyarero alinisimulia mara moja tu, na hajarudia.

Alimkuta fundi eneo la ujenzi, amekaa peke yake nyuma ya rundo la mchanga, wakati wenzake wanachanganya zege. Walipoonana alitabasamu. "Shemeji, umeleta nyama?" Alikuwa anajikuna kiganja. Akaeleza kwamba kidonda kimepona, angalia, lakini tangu juzi ndani yake kuna kama sisimizi wanapanda kuelekea begani. Wenzake walisema jana hakulala na leo hajanywa hata chai. Mume wangu alimpa chupa ya maji. Aliinua chupa vizuri, akaifikisha karibu na mdomo, na hapo koo lake likajikaza, mwili wote ukaruka, chupa ikaanguka. Akaitazama pale chini kama nyoka. Kisha akacheka, akasema, "Maji ya Nyarero yana nini siku hizi?"

Mume wangu alimpakia kwenye pikipiki. Hawakufika mbali. Upepo ukimpiga usoni, koo linajikaza tena, anashindwa kupumua, anamkaba mume wangu mabegani kwa nguvu ambazo mtu mwembamba kama yeye hakuwa nazo. Walisimama njiani. Alikuwa na akili zake zote. Aliomba radhi kwa kumwumiza. Ikabidi itafutwe bajaji, wakaziba pande zote mbili kwa turubai ili upepo usiingie, na ndivyo alivyoletwa Tarime, gizani, mchana wa jua kali.

Daktari alimwita mume wangu pembeni. Akamwambia sindano ni za kabla, hazina kazi ugonjwa ukishaanza. Alisema wampe mgonjwa chumba chenye kivuli, wampigie mke wake simu aje.

Alifariki kabla wiki haijaisha. Mkewe alikuwa hapo. Sisi tulikaa nje, kwenye benchi lilelile.

Mbwa alikuwa ameshatangulia. Tulimsikia siku mbili akijikwaruza kwenye mlango wa bafu, siku ya tatu hatukumsikia. Afisa mifugo alikuja na glavu nene na mfuko, akatuambia kichwa lazima kiende maabara, akatuomba tuingie ndani. Mama alikataa kuingia. Alisimama uani mpaka kazi ikaisha. Mwili tuliuzika nyuma ya choo, tukamwaga chokaa juu yake. Majibu yaliporudi hayakumshangaza mtu.

Siku hizo zote watu walikuwa wanaendelea kucheka. Nilikuwa nikifungua simu kutafuta namba ya hospitali, naona wengine wapya wameiona video, wanaandika, "Jenerali ameua!" Sikuwa na nguvu ya kuifuta. Nilipopata nguvu, niliandika kwa sauti yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza mle ndani. Nilisema mbwa amekufa kwa kichaa, na mtu aliyemsaidia amekufa, na kwamba ile sauti waliyoicheka ndiyo dalili. Baadhi walitoa pole. Wachache waliandika kwamba wamewapeleka mbwa wao kuchanjwa siku hiyohiyo. Lakini mmoja aliandika, "Jenerali, huu utani si mzuri, rudi," na watu wengi walikubaliana naye. Niliisoma ile sentensi mara nyingi. Kisha nikajitoa kwenye kundi.

Yule mwanamke wa Serengeti hupiga simu mpaka leo. Huwa anaanza kwa kumwuliza mama kama amekula.

Siku ya mazishi ya fundi, baba mdogo alipiga simu mapema. "Msije," akasema. "Watu wana maneno." Maneno yenyewe yalikuwa kwamba kijana mzima, mwenye nguvu, alikula nyama nyumbani kwetu na baadaye akaogopa maji. Mbwa kupita kwenye nyama bila kuigusa, walisema, ilikuwa ni kwa sababu aliona kilichokuwemo. Waliokuwa wamecheka siku ile sasa walikumbuka kwamba hawakucheka. Baba mdogo mwenyewe alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

Nilimwambia mama. Alikuwa ameshavaa.

"Alimwokoa mbwa wangu," akasema. "Nitakaa nyumbani kwa sababu ya maneno?"

Tulifika kwenye boma la marehemu jua likiwa juu. Mazungumzo yalizimika kuanzia getini, kundi baada ya kundi. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye magogo walisimama. Mume wangu hakuzima pikipiki. Alibaki nayo barabarani inanguruma, mguu mmoja chini. Mama alipita katikati ya watu kwa fimbo yake mpaka kwa mjane, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mdogo mapajani. Nyuma yetu nilisikia mtu anasema neno moja kwa Kikurya ambalo sitaliandika.

Mama hakukaa. Alimweleza mjane, mbele ya wote, kuanzia mbwa mweusi mpaka mkono wake kooni mwa mbwa. Alisema kwamba ugonjwa ulikuwa uleule, kwamba yeye aliambiwa mapema na mtu asiyemjua, na kwamba habari zilimfikia fundi zikiwa zimechelewa. Akafunua kanga akaonyesha bega alipochomwa, kama vile pale pangeonekana kitu.

Mjane alilitazama bega lile.

"Na wewe ulichomwa sindano?"

"Nilichomwa."

"Yeye alipewa?"

"Ilikuwa imechelewa, mwanangu."

Mtoto alijinyoosha mapajani, akalia kidogo, akanyamaza. Mjane akageukia upande ule waliosimama vijana, akawaangalia mpaka mmoja wao akashusha macho. Kisha akasogea kwenye mkeka.

"Basi kaa," akamwambia mama.

Tulikaa mpaka jua likainama. Hakuna aliyetuletea maji ya kunawa, na hakuna aliyetufukuza.